Kadi rida za simu na tableti: ipi hutosheka na umeme wa tundu, ipi hudai chaja

Anayenunua kadi rida (kifaa cha kusomea kadi ya kamera) ya kompyuta huuliza kasi na bei, basi. Ya simu ina swali linalotangulia hayo: inakula umeme kiasi gani? Simu ndiyo inayolisha kila kinachochomekwa kwenye tundu lake, tena kwa betri ileile unayotaka ikufikishe usiku. Ndiyo maana rida inayokimbia vizuri kwenye laptop inaweza kukataliwa na iPad papo hapo, au ikawasha taa kwenye simu ya Android halafu picha zisionekane popote.

Ninaowafikiria hapa ni wapiga picha wa harusi na sendofu wanaotakiwa kurusha picha chache kwa familia kabla keki haijakatwa, waandishi wa habari walio mbali na ofisi, na yeyote mwenye kamera na simu ambaye laptop hana, au anayo ila hataki kuibeba. Njia ziko kadhaa. Bei zake zinatofautiana, kasi pia, lakini kinachoamua kama njia fulani itafanya kazi kabisa ni miliampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme kinachovutwa.

Tundu linatoa nini

USB 2.0 hutoa volti 5. Kifaa kinapochomekwa kinaruhusiwa kuvuta miliampea 100 mpaka kijitambulishe. Kikishakubaliwa kinaweza kupanda hadi 500, ambazo ni wati 2.5. USB 3.0 ilipandisha viwango hivyo vikawa 150 na 900, yaani wati 4.5. Kompyuta huvifuata. Vifaa vya mkononi vilipewa ruhusa ya kuwa bahili: kanuni za OTG, zile zilizoiwezesha simu kusoma flashi na kuendesha kibodi, ziliidai simu miliampea 8 tu kwa uchache. Nane! Watengenezaji wengi walitoa zaidi ya hapo, wengine mpaka 500 kamili, lakini aliyetoa kidogo hakuvunja kanuni yoyote. Kwa hiyo simu mbili zenye tundu lilelile la micro-USB zinaweza kukupa majibu mawili tofauti kwa rida moja.

USB-C imepunguza bahati nasibu hiyo. Tundu lake, likiwa ndilo linaloendesha kifaa kingine, linatarajiwa kutoa angalau miliampea 500, au 900 kama ni la USB 3, na likiwa na uwezo linaweza kutangaza ampea 1.5 au 3. iPhone ya kwanza kupewa tundu hilo ilikuwa 15, mwaka 2023, nayo hutoa hadi wati 4.5. Apple inaposema kwamba diski ya nje ya kurekodia video ya ProRes (aina ya video nzito ya kitaalamu) kutoka iPhone 15 Pro isivute zaidi ya wati 4.5, hesabu ni ileile ya USB 3: volti 5 mara miliampea 900.

Kuomba si kutumia

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kifaa cha USB kikichomekwa hutuma taarifa fupi: mimi ni kifaa gani, nimetengenezwa na nani, na nikizidi sana nitavuta miliampea ngapi. Namba hiyo ya mwisho imeandikwa kiwandani, ndani ya chipu. Hakuna anayeipima wakati wa kuchomeka. Mwenye kiwanda asiyetaka lawama huandika 500 hata kama rida yake haivuki 150. Tableti yenye masharti makali huisoma namba hiyo, huona imezidi bajeti yake, na kuikataa rida kabla kadi haijaguswa. Ni kama mgeni aliye peke yake kufika gesti akaomba chumba cha watu watano. Ataambiwa hakuna nafasi, ilhali vyumba vya mtu mmoja viko wazi tele.

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri ni cha iPad ya kwanza, mwaka 2010. Apple iliiuzia vipande viwili vya kuunganishia kamera, Camera Connection Kit: kimoja cha kuingiza kadi ya SD, kingine chenye tundu la USB kwa ajili ya waya wa kamera. Watu wakagundua mapema kwamba tundu hilo la USB linakubali pia kadi rida, na waliokuwa na kamera za CompactFlash (CF, aina ya kadi kubwa isiyoingia kwenye nafasi ya SD) wakapata pa kupumulia. Novemba mwaka huohuo ikaja iOS 4.2, na kiwango ambacho iPad ilikubali kukiachia tundu hilo kikashuka kutoka miliampea 100 hadi 20. Rida zilizokuwa zikisoma bila shida zikaanza kuleta ujumbe kwamba kifaa hiki kinahitaji umeme mwingi mno. Rida ni ileile, kadi ni ileile. Kilichobadilika ni hesabu ndani ya programu. Dawa waliyoipata ni kuweka katikati habu (kisanduku cha kuongeza milango ya USB) yenye umeme wake: iPad inaongea na habu, habu inajilisha kutoka ukutani, rida inakula kwa habu. Tableti ya kubebwa mkononi ikawa imefungwa kwenye soketi.

Android kwa kawaida haiangalii sana namba iliyoandikwa. Inaangushwa na matumizi halisi, na dalili yake ukishaijua hutaisahau. Taa ya rida inawaka, kwa sababu kuwasha taa hakuhitaji umeme wa maana. Simu ikianza kuisoma kadi, mvuto unapanda ghafla, volti inashuka, chipu ya rida inajizima na kuanza upya. Juu ya kioo ujumbe wa kifaa kuunganishwa unatokea, unapotea, unatokea tena, unapotea. Mwenye simu anadhani kadi imekufa, na pengine simu nayo inamshauri aifomati. Usiifomati. Itie kwenye kompyuta kwanza.

Kabla sijaingia kwenye kila njia, hizi hapa zikiwa pamoja:

| Njia | Umeme unatoka wapi | Inapokwama |
|---|---|---|
| Rida ndogo ya USB-C | Simu | Kadi kubwa za kitaalamu, kava nene |
| Rida ya kompyuta na waya wa OTG | Simu | Karibu popote, hasa simu za micro-USB |
| Rida ya SD ya Lightning (tundu la iPhone za kabla ya 15) | Simu | Inasoma SD tu |
| Adapta ya Lightning yenye mlango wa chaja | Chaja | Bila chaja inarudi kuwa dhaifu |
| Habu ya USB-C yenye mlango wa chaja | Chaja au pawa benki | Umeme ukikatika katikati ya kazi |
| Kamera kwa waya, au Wi-Fi | Betri ya kamera | Kasi |
| MicroSD kwenye trei ya simu | Hakuna cha USB | Simu zisizo na nafasi ya kadi |

Rida ndogo ya USB-C

Hii ndiyo ile yenye kichwa kinachoingia moja kwa moja kwenye simu, ina nafasi ya SD upande mmoja na microSD upande wa pili. Kwa watu wengi wanaosoma hapa, hii inatosha na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Sababu ni kwamba kadi ya SD yenyewe si mlafi: ikiendeshwa kwa kasi ya kawaida imewekewa kikomo cha miliampea 100, na kwa kasi ya juu inayofuata 200. Kadi za UHS, yaani SD za kasi kubwa zaidi, zinapanda zaidi ya hapo, chipu ya rida nayo inaongeza kidogo, ila kwa kunakili picha huwa unabaki ndani ya kile ambacho tundu la USB-C linatakiwa kutoa.

Nina kasoro mbili za kuitaja. Kichwa kigumu kinachochomoza nje ya simu kikigongwa, mzigo wote unabebwa na tundu, na tundu likilegea utaanza kulaumu umeme bure. Zipo zenye mkia mfupi wa waya. Chukua hizo hata kama zimezidi bei kidogo. Ya pili ni kava. Kava nene huzuia kichwa kisizame mpaka mwisho, mguso unakuwa nusunusu, na dalili zake zinafanana kabisa na zile za umeme kupungua. Vua kava kwanza ndipo uhukumu.

Rida ikiwa inasoma kadi mbili kwa pamoja, toa ile usiyoitumia, kwa kuwa nayo inakula. Halafu usilipie kasi ambayo simu yako haiwezi kuipokea: iPhone 15 na 15 Plus zina tundu la USB-C lakini kasi yake ni ya USB 2, megabiti 480 kwa sekunde, wakati 15 Pro hufika gigabiti 10. Rida ya UHS-II kwenye iPhone 15 ya kawaida ni pesa iliyolala.

Rida ya kompyuta na waya wa OTG

"Bosi wangu, hii inasoma simu zote," ndivyo utakavyoambiwa kaunta. Kanuni yangu: kama rida ya kompyuta unayo nyumbani, nunua kiwaya cha OTG ujaribu, maana ni bei ya soda kadhaa. Usiinunue rida hiyo kwa ajili ya simu.

Kiwaya cha OTG hakiongezi umeme hata chembe. Kwenye micro-USB kazi yake ni kuunganisha pini ya nne na ile ya ardhi, simu ijue kwamba safari hii yeye ndiye mwenyeji. Mengine yote yanaiangukia simu. Rida za kompyuta zenye nafasi nyingi, zile za "zote ndani ya moja", zilibuniwa zikijua kuna miliampea 500 za uhakika. Tena zina waya, na waya mwembamba hula volti: wenye ukinzani wa nusu omu ukipitisha miliampea 500 unapoteza robo ya volti njiani, kabla rida haijapata kitu.

Kuongeza habu isiyo na chaja hapo katikati ni kuharibu zaidi. Habu ya USB 2.0 inayolishwa na tundu inajichukulia miliampea 100 zake na kuugawia kila mlango 100 nyingine. Linux hufanya hesabu hiyo kwa ukali, na Android imejengwa juu ya Linux. Rida iliyoandikwa 500 ikiwa nyuma ya habu kama hiyo inaweza kunyimwa ruhusa moja kwa moja.

Jambo moja ambalo si la umeme wa rida lakini linaonekana kama ndilo: simu za Oppo, realme na OnePlus nyingi zina swichi ya OTG ndani ya Setingi, na hujizima zenyewe usipoitumia kwa muda, ili kulinda betri. Kama una simu ya mojawapo ya kampuni hizo na rida haiwaki hata taa, tafuta neno OTG kwenye Setingi kabla hujarudi dukani kugombana.

Wenye Lightning bado

Rida ya SD ya Apple yenyewe, Lightning to SD Card Camera Reader, imetengenezwa ikijua bajeti ya simu, kwa hiyo haigombani nayo. iPhone zilianza kuikubali na iOS 9.2, Desemba 2015. Kabla ya hapo ilikuwa ya iPad. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019, programu ya Files inafungua kadi na diski za nje kama mafaili ya kawaida, huhitaji tena kupitia uingizaji wa picha peke yake. Kwa mwenye kamera ya SD hapa hapana mjadala.

Mwenye CF au kadi nyingine kubwa anahitaji tundu la USB, na hapo zipo adapta mbili zinazofanana majina. Ile ya zamani, Lightning to USB Camera Adapter, haina pa kuchomeka chaja. Iliyotoka 2016, Lightning to USB 3 Camera Adapter, ina tundu la USB na pembeni yake mlango wa Lightning. Mlango huo ndio unaoulipia. Ukichomeka chaja pale, adapta inapata nguvu ya kulisha rida ambayo simu peke yake ingeikataa, na simu inachaji hapohapo. Kwa rida ya CF, ile isiyo na mlango siioni kama chaguo, hata ikiuzwa nusu bei. Nakala za bei rahisi zimejaa, baadhi zikiwa na mlango wa pili unaoichaji simu bila kuilisha rida. Ukiijaribu, jaribu na rida yenyewe, usiridhike kuona alama ya betri inachaji.

Habu yenye mlango wa chaja

Kwenye USB-C, kutoa umeme na kuongoza mawasiliano ni kazi mbili zilizotenganishwa. Simu inaweza kupokea chaji kutoka kwa habu na bado ikabaki mwenyeji anayeisoma kadi. Micro-USB ililiweza hilo kwa shida sana, na waya nyingi zilizoahidi kufanya hivyo hazikufanya.

Kwa tableti iliyotulia mezani, na kwa kadi za CFexpress, zile za kasi za kamera za kitaalamu, hii ndiyo njia ninayoiamini. Lakini ina adabu zake. Chomeka chaja kwenye habu kwanza, kisha habu kwenye simu, kadi iwe ya mwisho. Ukichomeka au kuchomoa chaja wakati mafaili yanahamishwa, habu na simu hupatana upya kuhusu umeme, na habu nyingi hukata mawasiliano kwa muda mfupi. Faili lililokuwa njiani linabaki nusu. Umeme wa nyumba ukikatika ni hivyohivyo. Ndiyo sababu ukumbini pawa benki ni salama kuliko soketi ya ukutani inayotumiwa pia na DJ. Nayo pawa benki ina tabia yake: nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo. Simu ikiwa imeshajaa chaji, rida peke yake inaweza isitoshe kuifanya pawa benki iendelee kuwa macho.

Usinunue habu yenye HDMI, tundu la intaneti ya waya na milango minne kama unachotaka ni kusoma kadi. Kila chipu iliyomo inakula, na habu hizo hupata joto hata zikiwa hazifanyi lolote.

Njia zisizogusa umeme wa tundu

Kama simu yako ina nafasi ya microSD, umeshapata rida bila kununua kitu. Weka microSD ndani ya adapta ya SD, itumie kwenye kamera, kisha ihamishie kwenye trei ya simu. Hakuna USB, hakuna miliampea za kuhesabu. Galaxy S ziliacha nafasi hiyo kuanzia S21, mwaka 2021, lakini simu nyingi za bei ya kati na ya chini bado zinayo. Tatizo ni kutoa trei kwa pini gizani, na laini ya simu ikiwa kwenye trei hiyohiyo. Adapta za SD pia huchakaa miguso. Kwa harusi ya mtu nisingeifanya kuwa kadi pekee.

Kuchomeka kamera yenyewe kwa waya ni njia iliyosahaulika. Kamera ina betri yake, haiombi simu imlishe, hivyo hata iPad bahili huikubali. Kwa kamera zenye USB-C, zima kipengele cha kuchukua umeme kupitia waya. Kwenye Sony kinaitwa USB Power Supply. Usipokizima, kamera inaweza kugeuka kupe wa simu yako. Wi-Fi nayo ipo. Kwa picha tano za JPEG ni sawa, kwa kadi nzima ya RAW (picha ghafi, nzito) utakesha.

Kadi ina neno lake

CompactFlash iliruhusiwa viwango viwili: cha chini miliampea 75 kwa volti 3.3 au 100 kwa volti 5, na cha juu 500. Ile ya juu peke yake inamaliza bajeti yote ya USB 2.0 kabla chipu ya rida haijapata chake. CFexpress ni mlafi wa aina nyingine: ndani yake ni PCIe na NVMe, teknolojia ileile ya SSD za kompyuta, na rida zake hupata moto ukinakili video ndefu. Kuzitegemea zilishwe na simu ya kawaida ni kujitafutia presha.

Wenye Canon 5D Mark III au Mark IV, ambazo bado ziko kazini kwenye kumbi nyingi, wana njia ya mkato isiyohitaji kununua lolote kubwa. Kamera hizo zina nafasi ya CF na ya SD pamoja. Elekeza RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD. CF inasubiri laptop ya nyumbani, SD inaingia kwenye rida ndogo ya simu pale pale ukumbini. Canon R5 ina CFexpress na SD, mbinu ni hiyohiyo.

Ningechagua nini

Simu ya USB-C na kamera ya SD: rida ndogo yenye mkia, mengine usijisumbue. iPhone ya Lightning na SD: rida ya Apple ya SD. iPhone au iPad ya Lightning na CF: adapta ya USB 3 yenye mlango, pamoja na chaja au pawa benki, na uhesabu bei ya vyote kwa pamoja. CFexpress: habu yenye mlango wa chaja, au simu yenye tundu la USB 3 kwa uhakika, na bado nisingenakili kadi nzima kwa simu, ningechagua picha za kurusha tu. Simu ya micro-USB: kamera kwa waya, au microSD kwenye trei. Rida kwenye simu hizo ni kamari, na fedha ya kamari hiyo ingefaa zaidi kuongezea kwenye simu nyingine.

Namba ambayo rida inaiomba unaweza kuiona mwenyewe kabla hujaitegemea kazini. Ichomeke kwenye kompyuta ya Linux, andika lsusb -v, utafute mstari wa MaxPower. Kwenye Mac nyingi fungua System Information, sehemu ya USB, palipoandikwa Current Required. Ukikuta 100 au 200, hiyo ina nafasi kubwa ya kupokelewa karibu popote. Ukikuta 500, haijashindwa, ila iPad za zamani usizisumbue nayo. Ikisoma 896 au 900, hiyo ni ya tundu la USB 3 au ya chaja.

Dukani, usijaribu kwa kadi tupu wala kwa kufungua picha moja. Nenda na kadi yako yenye video ya dakika kadhaa, chaji ya simu ikiwa imeshuka kidogo, unakili video hiyo mpaka mwisho huku muuzaji anaangalia. Rida inayojizima na kuwaka itajionyesha ndani ya dakika hizo.